Uvimbe wa Tezi za Parathairoidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Utambuzi na Upasuaji

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa aliyeambiwa kwamba kalsiamu yake iko juu, kwa ndugu anayemsindikiza kliniki, na kwa yeyote aliyepewa karatasi ya majibu ya maabara bila maelezo ya kutosha. Hauchukui nafasi ya daktari anayekutibu, ila unaweza kukusaidia kumuuliza maswali yanayostahili.

Tezi za parathairoidi ni zipi, na zinatofautianaje na thairoidi?

Ni tezi nne ndogo, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele na uzito wa miligramu 30 hadi 50, zilizojibanza nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni. Jina lao lina maana tu ya kuwa kando ya thairoidi. Kazi yao ni nyingine kabisa. Thairoidi ndiyo inayovimba na kuitwa rovu au goita, na homoni zake huongoza kasi ya mwili kutumia nguvu. Parathairoidi husimamia jambo moja, nalo ni kiasi cha kalsiamu katika damu. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na parathairoidi salama, au shingo iliyonyooka kabisa huku tezi moja nyuma yake ikiwa mgonjwa. Hali ya pili ndiyo ya kawaida katika ugonjwa huu, kwa hiyo kupapasa shingo hakusaidii sana.

Kwa sababu ni ndogo, na rangi yao ya manjano inayoelekea kahawia hufanana na mafuta yanayozizunguka, zilichelewa kujulikana. Mwingereza Richard Owen alizibaini katika mwili wa kifaru wa bustani ya wanyama ya London katikati ya karne ya 19, na mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Uswidi, aitwaye Ivar Sandström, akazieleza kwa binadamu mwaka 1880.

Uvimbe unaharibu nini hasa?

Kalsiamu ya damu ikishuka, hata kwa kiasi kidogo, tezi hizi hutoa homoni inayojulikana kwa kifupi kama PTH. Homoni hiyo huifanya mifupa iachie kalsiamu, huzifanya figo ziizuie isipotee kwenye mkojo, na huziamuru figo hizo hizo ziamilishe vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikishafikia kiwango chake, tezi hutulia.

Tezi yenye uvimbe haitulii. Inaendelea kutoa homoni ilhali damu imekwisha kupata kalsiamu ya kutosha, na deni lote hulipwa na mifupa. Kalsiamu inayozidi huchujwa na figo, na huko inaweza kuganda ikawa mawe. Kwa hiyo uvimbe wenyewe, ambao mara nyingi hauzidi ukubwa wa harage, hauumizi wala haubani kitu. Madhara yanatokana na homoni unayoimwaga.

Je, ni saratani?

Karibu kila mara, hapana. Kwa wagonjwa takribani 80 hadi 85 kati ya 100, chanzo ni uvimbe mmoja usio wa saratani unaoitwa adenoma. Kwa wengine 10 hadi 15, tezi zaidi ya mbili, na aghalabu zote nne, zimekua kupita kiasi. Wachache huwa na adenoma mbili. Saratani ya kweli ya parathairoidi haifiki mgonjwa mmoja kati ya 100.

Dalili zake ni zipi?

Madaktari wa zamani walifundishwa kukumbuka mambo manne: mifupa, mawe, tumbo na akili. Mifupa huuma, hupungua uzito wake na huvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Mawe hujirudia kwenye figo. Tumbo hukosa choo, huleta kichefuchefu, na wakati mwingine vidonda au kuvimba kwa kongosho. Akili huchoka: mtu husahau, hukosa usingizi, hushuka moyo, hukasirika bila sababu ya wazi. Ongeza kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara usiku.

Ukizisoma tena dalili hizo utaona kwa nini ugonjwa huu hufichika. Kila moja ina maelezo mengine yaliyo karibu zaidi. Mama wa miaka 60 anayelalamika mwili kuuma, kuchoka na kusahau ataambiwa ni uzee. Anayekojoa mara kwa mara atapimwa sukari, ikikutwa safi atapewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo. Mwenye mawe atavunjiwa jiwe na kurudishwa nyumbani bila mtu kuuliza jiwe limetoka wapi. Ugonjwa huwapata wanawake takribani mara tatu zaidi ya wanaume, na hasa baada ya kukoma hedhi, yaani katika umri ambao malalamiko yao hupuuzwa kwa urahisi.

Katika nchi ambazo kalsiamu ni sehemu ya kipimo cha kawaida cha damu, wagonjwa wengi hugunduliwa kwa bahati, kabla ya kuhisi lolote. Pale ambapo kipimo hicho hakiagizwi mpaka kuwe na sababu, kama ilivyo katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, wagonjwa hufika wakiwa wamechelewa: mfupa wa paja umevunjika, taya limevimba, au figo zimejaa mawe. Uvimbe wa mifupa wenye rangi ya kahawia unaosababishwa na PTH umewahi kudhaniwa kuwa saratani ya mfupa, na picha za eksirei peke yake haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili kwa uhakika. Kupima kalsiamu kwa kila mtu mwenye mawe ya figo au mfupa uliovunjika bila ajali kubwa ni jambo la gharama ndogo, na si rahisi kuona sababu nzuri ya kutolifanya.

Ugonjwa unatambuliwaje?

Kwa damu. Jibu hili linastahili kurudiwa kwa sababu wagonjwa wengi huanza kwa kutafuta picha: ugonjwa huu hutambuliwa maabara.

Vinahitajika vipimo viwili vilivyochukuliwa pamoja, yaani kalsiamu na PTH. Kwa mtu mzima, kalsiamu ya damu kwa kawaida huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, au miligramu 8.5 hadi 10.5 kwa desilita, ingawa kila maabara ina mipaka yake na ndiyo inayopaswa kufuatwa. PTH katika maabara nyingi huwa kati ya pikogramu 15 na 65 kwa mililita. Kalsiamu ikiwa juu na PTH nayo ikiwa juu, utambuzi unakaribia kukamilika.

Kipimo kimoja hakitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri ikiwa imeshikamana na protini iitwayo albumini, hivyo jibu hurekebishwa kulingana na kiwango cha albumini, au hupimwa kalsiamu iliyo huru. Mkanda wa kubana mkono ukikazwa kwa muda mrefu wakati wa kutoa damu unaweza kupandisha jibu kwa uongo, na upungufu wa maji mwilini pia. Kwa hiyo kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya lolote.

Pamoja na hivyo viwili, daktari makini ataagiza kipimo cha utendaji wa figo, vitamini D, fosfeti, na kalsiamu ya mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Baada ya utambuzi kuthibitika, uzito wa mifupa hupimwa kwa mashine maalumu sehemu tatu: uti wa mgongo, nyonga na sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Ni vyema kumkumbusha mpimaji kuhusu mkono, kwa kuwa ugonjwa huu hula zaidi mfupa mgumu wa nje, ambao mkononi ndio mwingi, na wapimaji waliozoea kupima nyonga na mgongo tu wanaweza kuuruka.

Karatasi yangu inaonyesha kalsiamu ya juu lakini PTH imeandikwa kuwa ya kawaida. Je, niko salama?

La. Mtu mwenye tezi zenye afya, kalsiamu yake ikipanda, PTH hushuka chini kabisa. PTH iliyobaki katikati ya kiwango cha kawaida wakati kalsiamu iko juu ni ishara kwamba kuna tezi isiyotii. Karatasi ya maabara hulinganisha kila namba na mipaka yake peke yake. Haiwezi kukuambia kwamba namba mbili, moja ya kawaida na nyingine isiyo ya kawaida, zinapaswa kusomwa pamoja. Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotezwa njia.

Ni hali gani nyingine zinazoweza kufanana na ugonjwa huu?

Saratani nyingine mwilini, kifua kikuu na magonjwa mengine yanayofanana nacho, pamoja na vitamini D iliyomezwa kupita kiasi, vyote vinaweza kupandisha kalsiamu, lakini huko PTH hukutwa imeshuka. Ndiyo sababu kipimo cha PTH kina thamani kubwa: mara moja hugawa wagonjwa wa kalsiamu ya juu katika makundi mawili.

Dawa nazo ziulizwe. Lithiamu, inayotumika katika baadhi ya magonjwa ya akili, na dawa za presha za jamii ya thayazaidi huweza kupandisha kalsiamu. Ikiwezekana, daktari husimamisha thayazaidi kwa wiki kadhaa kisha hupima upya. Mgonjwa asiache lithiamu kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mfano hatari zaidi wa kufanana ni hali ya kurithi ambamo mwili hupima kalsiamu vibaya tangu kuzaliwa. Kalsiamu huwa juu kidogo, PTH ya kawaida au juu kidogo, na mtu huishi hivyo hadi uzeeni bila madhara ya maana. Kinachoitofautisha ni mkojo: figo za watu hawa hutoa kalsiamu kidogo mno, na uwiano wa uchujaji wa kalsiamu na kreatinini (taka ya mwili inayotolewa na figo) huwa chini ya 0.01. Upasuaji hauwasaidii hata kidogo. Kukusanya mkojo saa 24 kwenye dumu ni adha, hasa kwa anayefanya kazi mbali na nyumbani, lakini adha hiyo inaweza kukuepusha na kisu usichokihitaji.

PTH yangu iko juu lakini kalsiamu ni ya kawaida. Je, nina uvimbe?

Pengine huna. Sababu ya kwanza ya kutafutwa ni upungufu wa vitamini D, ambao upo hata katika nchi zenye jua la mwaka mzima kwa watu wanaoshinda ndani au wanaojifunika mwili wote. Sababu ya pili ni figo dhaifu. Hizo zikitibiwa, PTH mara nyingi hushuka yenyewe.

Altrasaundi haikuona kitu. Je, ina maana kwamba sina ugonjwa?

Haina maana hiyo. Kama damu imethibitisha, ugonjwa upo. Kilichoshindikana ni kuonyesha ulikojificha. Picha hutafuta mahali pa uvimbe kwa ajili ya daktari wa upasuaji, kama ramani kwa msafiri aliyekwisha kuamua kusafiri. Haithibitishi ugonjwa na haiufuti. Mwelekeo wa kinyume pia ni kosa: uvimbe mdogo ulioonekana shingoni wakati damu ni safi usiitwe parathairoidi kwa kukisia, kwa maana vinundu vya thairoidi na tezi za limfu ni vingi kuliko wageni wa harusi.

Altrasaundi hutangulia kwa sababu ni nafuu, haina mionzi, na humwonyesha daktari pia kama thairoidi ina tatizo litakaloshughulikiwa katika operesheni hiyo hiyo. Ubora wake hutegemea sana mkono wa anayeifanya, na haiwezi kuona nyuma ya mfupa wa kifua. Kipimo cha pili kinachotumika sana ni cha nyuklia: dawa iitwayo sestamibi, iliyoungwa na teknishiamu yenye mionzi, huchomwa kwenye mshipa, kisha kamera hufuatilia inakokaa kwa muda mrefu. Kipimo hiki hupatikana tu katika hospitali zenye idara ya tiba ya nyuklia. Zipo pia picha za CT zinazopigwa kwa awamu, dawa ya rangi ikiingia na kutoka kwenye tezi, na katika vituo vyenye uwezo mkubwa kuna picha za nyuklia za PET zinazotumia dawa yenye mionzi iitwayo kolini, ambazo zimekuwa msaada mkubwa pale vipimo vingine vilipogonga mwamba.

Vipimo vyote vikishindwa, mgonjwa anayestahili upasuaji bado anaweza kufanyiwa. Miongoni mwa madaktari wa fani hii kuna kauli ya siku nyingi kwamba kitu cha kwanza cha kutafutwa mahali kilipo ni daktari mzoefu wa upasuaji wa parathairoidi.

Je, uvimbe uchomwe sindano ili sampuli ichunguzwe?

Kwa kawaida, usichomwe. Sindano inaweza kumwaga seli nje ya ganda la tezi na zikaota sehemu nyingine, inaweza kuleta makovu yanayotatiza upasuaji, na chini ya hadubini seli za parathairoidi hufanana kiasi cha kumchanganya mtaalamu na zile za thairoidi.

Ni nani anayehitaji upasuaji?

Kila mwenye dalili za wazi, mawe ya figo au mifupa iliyovunjika kwa sababu ya ugonjwa huu, mradi mwili wake unaweza kuhimili. Kwa wasio na dalili, miongozo ya kimataifa hupendekeza upasuaji endapo kalsiamu imevuka kikomo cha juu kwa zaidi ya milimoli 0.25 kwa lita, au mifupa imepungua hadi kufikia kiwango cha osteoporosisi, yaani mifupa dhaifu inayovunjika kwa urahisi, au uchujaji wa figo umeshuka chini ya mililita 60 kwa dakika, au picha zimeonyesha mawe yaliyojificha, au kalsiamu ya mkojo ni nyingi mno, au mgonjwa hajafikisha miaka 50. Kigezo hicho cha umri huwashangaza watu, lakini mantiki yake ni nyepesi: mwenye miaka 38 ana miongo mingi mbele yake ya kunyonywa mifupa.

Asiyeingia katika vigezo hivyo anaweza kufuatiliwa kwa kupimwa kalsiamu na figo kila mwaka na mifupa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Ieleweke hata hivyo kwamba kufuatilia ni ahadi ya miaka mingi, na pale ambapo kufika hospitali ya rufaa ni safari ya siku nzima, ahadi hiyo huvunjika. Kwa mgonjwa kama huyo, upasuaji uliofanywa mapema na mtu mzoefu unaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko vigezo vinavyoonyesha.

Je, dawa au chakula haviwezi kuutibu?

Hakuna dawa inayoondoa uvimbe. Sinakalseti hushusha kalsiamu lakini haiongezi mifupa. Dawa za jamii ya bisfosfoneti huimarisha mifupa lakini hazishushi PTH. Hutumika kwa wasioweza kupasuliwa au wanaosubiri zamu.

Kuhusu chakula, wengi huacha maziwa na dagaa mara tu wanaposikia neno kalsiamu. Usifanye hivyo. Kalsiamu ya chakula ikipungua sana, tezi huchochewa zaidi na mifupa hunyonywa zaidi. Kula kama kawaida, kunywa maji ya kutosha, usijiachilie ukaishiwa maji wakati wa kuhara, kutapika au homa. Na kwa anayefunga Ramadhani, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kalsiamu ikipanda ghafla itakuwaje?

Kalsiamu inayozidi milimoli 3.5 kwa lita, pamoja na kutapika, kiu kali, kuchanganyikiwa au usingizi mzito, ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, ambako ataanza kuwekewa maji ya chumvi kwenye mshipa, kisha dawa za kushusha kalsiamu, na upasuaji ukifuata akishatulia.

Operesheni yenyewe hufanywaje?

Ipo kwa namna mbili. Ya kwanza ni upasuaji wa kulenga: picha zimekubaliana kwamba uvimbe uko, kwa mfano, chini upande wa kushoto, na daktari hufuata tezi hiyo moja kupitia chale ya sentimita 2 au 3 chini ya shingo. Ya pili ni kukagua pande zote mbili na kuziona tezi zote nne, njia ambayo huchaguliwa pale picha zinapogongana au kukaa kimya, pale tezi nyingi zinaposhukiwa, au ugonjwa unapokuwa wa kurithi. Zote kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusu kaputi, shingo ikiwa imeinuliwa kwa mto chini ya mabega.

Ugumu hautokani na kukata, bali na kutafuta. Mtoto anapoumbika tumboni, tezi mbili za chini husafiri kutoka juu ya shingo zikifuatana na tezi iitwayo thaimasi inayoelekea kifuani, na zinaweza kuishia popote katika njia hiyo, kuanzia karibu na pembe ya taya hadi ndani ya kifua. Zile za juu husafiri kidogo, lakini zikishakuwa nzito huteleza nyuma ya umio. Nyingine hukutwa ndani ya thairoidi yenyewe au kando ya mshipa mkubwa wa shingo. Daktari asiyejua njia hizo atafumbua shingo, hataona kitu, na ataifunga.

Historia ya fani hii imejengwa juu ya mkasa wa namna hiyo. Kapteni wa meli Charles Martell alipungua kimo kwa zaidi ya sentimita 15 kwa ajili ya mifupa iliyokuwa ikipondeka, akapasuliwa mara sita bila uvimbe kupatikana. Katika operesheni ya saba, huko Boston mwaka 1932, ulikutwa kifuani. Haukuwa mwisho mwema, kwani alifariki muda mfupi baadaye kutokana na matatizo ya mawe ya figo. Miaka michache kabla yake, mwaka 1925 huko Vienna, Felix Mandl alikuwa amempandikizia kondakta wa tramu tezi za mtu mwingine, kwa kuamini kwamba mifupa yake ilikuwa ikiharibika kwa kukosa homoni. Hali haikubadilika. Ndipo alipofanya kinyume chake, akautoa uvimbe, na mgonjwa akaanza kupona, ingawa ugonjwa ulirudi miaka kadhaa baadaye.

Ikiwa tezi zote nne ni wagonjwa, daktari hutoa tatu na nusu, au hutoa zote na kupandikiza vipande vidogo vya mojawapo katika msuli wa mkono. Mkono huchaguliwa kwa sababu yenye mantiki: vipande hivyo vikija kukua kupita kiasi, hutolewa kwa ganzi ya kawaida bila kuifungua shingo tena.

Daktari atajuaje kabla ya kushona kwamba ametoa kilicho sahihi?

Nusu ya PTH iliyo kwenye damu hutoweka ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo damu huchukuliwa kabla ya uvimbe kutolewa na tena dakika 10 baadaye, mgonjwa akiwa bado mezani. PTH ikishuka kwa zaidi ya nusu ya kiwango cha juu kilichopimwa mwanzo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi imekwisha. Isiposhuka, msako unaendelea.

Si kila hospitali ina maabara inayoweza kurudisha jibu kwa haraka hiyo. Zisizo nayo zisidharauliwe, kwa maana kwa miongo mingi upasuaji huu ulifanikiwa bila kipimo hicho, daktari akiziona tezi zote nne kwa macho na kupeleka kipande kwa mtaalamu wa patholojia akigandishe na kukithibitisha papo hapo. Ila hapo njia ya kuonekana kwa tezi zote huwa salama zaidi kuliko ya kulenga moja.

Hatari zake ni zipi?

Ya kwanza inayoulizwa ni sauti. Mishipa ya fahamu inayoendesha nyuzi za sauti hupita milimita chache kutoka kwenye tezi hizi. Sauti kukwaruza kwa siku au wiki kadhaa hutokea. Kuharibika moja kwa moja, katika mikono mizoefu, ni kwa takribani mmoja kati ya 100 au pungufu. Mwalimu, mwimbaji, imamu au mtangazaji amweleze daktari mapema kazi yake, na sauti ikaguliwe kabla na baada.

Ya pili ni damu kuvuja ndani ya shingo. Ni nadra, lakini shingo ikivimba haraka na pumzi ikabana, hakuna kusubiri asubuhi.

Ya tatu, iliyo ya kawaida zaidi, ni kalsiamu kushuka. Tezi zilizobaki zilikuwa zimelala kwa muda mrefu na huchukua siku kadhaa kuamka. Utahisi ganzi na kuchomwachomwa kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, au misuli kukaza. Hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, ambapo wengi wako nyumbani, kwa hiyo usiondoke hospitali bila vidonge vya kalsiamu na maelekezo yaliyoandikwa. Wale waliokuwa na mifupa iliyoliwa sana hupatwa na mshuko mkubwa unaoitwa njaa ya mifupa: mifupa iliyokuwa ikinyonywa sasa inaifyonza kalsiamu yote kwa pupa, na mgonjwa anaweza kuhitaji kalsiamu ya mshipani na kulazwa kwa siku nyingi.

Nitapona lini?

Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake na kurejea kazini ndani ya wiki moja hadi mbili. Kovu hufuata mkunjo wa shingo na hufifia, ingawa wenye ngozi inayoota keloidi wamtahadharishe daktari. Maumivu ya mifupa hupungua kwa wiki. Mifupa yenyewe huchukua miezi na miaka kujijenga upya. Uchovu na usahaulifu havitabiriki vizuri, na daktari anayekuahidi kwamba vitatoweka vyote anaahidi kupita uwezo wake.

Kimatibabu, mtu huhesabiwa amepona kalsiamu yake ikiwa bado ya kawaida miezi 6 baada ya upasuaji. Kwa madaktari wenye uzoefu, hilo hufikiwa na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Ikipanda kabla ya miezi 6, kuna tezi iliyoachwa. Ikipanda baada ya hapo, ugonjwa umerudi. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu ya makovu, na usikubaliwe mpaka damu ipimwe upya na angalau picha mbili za aina tofauti zikubaliane.

Nimchague daktari kwa kigezo gani?

Muulize anafanya operesheni ngapi za parathairoidi kwa mwaka, na ni wangapi kati ya wagonjwa wake waliokuwa na kalsiamu ya kawaida baada ya miezi 6. Si utovu wa adabu. Aliyezoea kutoa rovu hajazoea kwa hakika kuitafuta parathairoidi iliyopotea, na mgonjwa ana haki ya kuomba rufaa. Beba majibu yako yote ya damu yenye tarehe, filamu na CD za picha, wala si ripoti peke yake, pamoja na orodha ya dawa unazotumia.

Mimi ni mgonjwa wa figo ninayesafishwa damu. Je, haya yananihusu?

Kwa sehemu. Figo zilizoshindwa hubakisha fosfeti na haziamilishi vitamini D, hivyo tezi zote nne huchochewa mfululizo mpaka zikakua. Matibabu huanza kwa kudhibiti fosfeti na kumpa mgonjwa vitamini D iliyoamilishwa na sinakalseti. Upasuaji hufuata PTH ikibaki juu mno licha ya dawa, mifupa ikiuma na ngozi ikiwasha kupita kiasi. Wapo ambao tezi zao haziachi hata baada ya kupandikizwa figo mpya.

Na mjamzito?

Kalsiamu ya mama ikiwa juu, tezi za mtoto hulala tumboni, na akizaliwa kalsiamu yake huweza kushuka hadi kumletea degedege. Upasuaji ukihitajika, miezi mitatu ya katikati ya mimba ndiyo hupendelewa. Mkunga na daktari wa watoto wajulishwe kabla ya kujifungua.

Itajulikanaje kama ni saratani?

Hushukiwa pale kalsiamu inapokuwa ya juu sana, kwa kawaida zaidi ya milimoli 3.5, PTH inapozidi kiwango cha kawaida mara kadhaa, na kinundu kinachoshikika shingoni kwa vidole. Mezani, daktari hukuta tezi ngumu, ya kijivu, iliyong'ang'ania nyama za jirani. Hapo haipasuliwi wala kumenywa. Hutolewa ikiwa nzima pamoja na kipande cha thairoidi kilichoshikamana nayo, kwa sababu nafasi ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa. Mionzi na dawa za saratani husaidia kidogo tu katika ugonjwa huu.

Je, watoto na ndugu zangu wapimwe?

Uvimbe wa mgonjwa wa miaka 65 ambaye hakuna mwingine katika ukoo mwenye tatizo kama hilo kwa kawaida haurithiwi. Upimaji wa vinasaba hufikiriwa kwa aliyepata ugonjwa kabla ya miaka 40, mwenye tezi zaidi ya moja zilizoathirika, mwenye uvimbe wa taya, au mwenye ndugu waliougua mawe na kalsiamu ya juu. Moja ya magonjwa ya kurithi huambatana na uvimbe wa tezi ya pituitari na wa kongosho. Jingine huambatana na saratani ya aina fulani ya thairoidi pamoja na uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, ambao huweza kupandisha presha kwa kiwango cha hatari mtu akiwa chini ya nusu kaputi. Kwa sababu hiyo mwenye historia ya namna hiyo katika ukoo aitaje kabla hajapangiwa siku ya operesheni, ili tezi za juu ya figo zichunguzwe kwanza. Kwa ndugu wengine, kuanza na kipimo cha kalsiamu cha damu kunatosha.